Bela Lugosi: Mateka wa Lafudhi Yake

Mpenzi yeyote wa hadithi za kutisha akiombwa amchore Dracula, yamkini atamchora bwana mrefu mwenye joho jeusi, nywele zimelazwa nyuma zikang'aa, macho makali, na usemi wa polepole wenye lafudhi ya kigeni. Ajabu ni kwamba mtu huyo hayumo katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Humo Dracula ni mzee wa masharubu meupe, mwenye nywele viganjani na pumzi inayonuka. Sura tuijuayo tulipewa na mwigizaji Bela Lugosi, na ndiye mlengwa wa makala haya.

Kabla hatujafika mbali, tuondoe utata mmoja. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akamkumbuka mumiani. Mumiani wa masimulizi ya enzi za ukoloni alikuwa mtu hai, aliyedaiwa kuwateka watu na kuwatoa damu iwe dawa. Dracula ni maiti inayotoka jenezani usiku kunyonya damu ili isife. Hawa wawili si ndugu, japo wote hutajwa damu inapotajwa.

Lugosi alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1882 katika mji wa Lugos, ambao wakati huo ulikuwa Hungaria na leo uko Romania kwa jina la Lugoj. Jina lake halisi lilikuwa Béla Blaskó. Hilo la Lugosi alilitwaa kutoka kwa mji wake, kama mtu kujiita Mmvita au Mlamu. Aliacha shule angali mtoto, akajiunga na vikundi vya maigizo vya mikoani. Huko aliigiza kila kitu: Romeo wa Shakespeare, hata Yesu katika mchezo wa Mateso. Mwaka 1913 alipokelewa katika Jumba la Taifa la Maigizo mjini Budapest, ingawa nafasi alizopewa zilikuwa ndogo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alijiunga na askari wa miguu, akajeruhiwa dhidi ya Warusi. Majeraha hayo tuyaweke akilini.

Mwaka 1919 wafuasi wa Béla Kun walipotwaa serikali ya Hungaria, Lugosi alikuwa mstari wa mbele kuwaunganisha waigizaji katika chama cha kutetea haki zao. Serikali hiyo haikudumu hata miezi mitano. Ilipoanguka, wafuasi wake waliandamwa, naye akatorokea Vienna, kisha Berlin, ambako aliigiza katika filamu kadhaa, mojawapo ikiwa ya F. W. Murnau, mwelekezi ambaye baadaye angetoa Nosferatu (1922). Mwishoni mwa mwaka 1920 alishuka New Orleans, Marekani, akiwa baharia wa meli ya mizigo. Alikuwa na umri wa miaka 38, mwigizaji aliyekomaa, asiye na Kiingereza.

Hapa ndipo kisa chake kinapotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Mwigizaji ni ulimi wake. Alipopata nafasi yake ya kwanza ya Kiingereza jijini New York mwaka 1922, katika tamthilia ya The Red Poppy, Lugosi aliyakariri maneno kwa sauti tu, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi aya kabla ya kukijua Kiarabu. Muda ulipopita alijifunza Kiingereza vizuri, lakini Kihungaria hakikumtoka kinywani. Alivuta irabu, akatua pale ambapo mwenyeji asingetua.

Tarehe 5 Oktoba 1927 tamthilia ya Dracula ilifunguliwa jijini humo, Lugosi akiwa mhusika mkuu, ikaonyeshwa mara 261. Kasoro iliyomnyima nafasi nyingine ndiyo iliyomfaa hapa, kwani Dracula naye ni mgeni kutoka mashariki mwa Ulaya aliyejifunza Kiingereza ukubwani. Hata hivyo, kampuni ya Universal ilipoamua kuitengeneza filamu, haikumfikiria yeye kwanza. Lon Chaney, nyota aliyetajwa kwa kazi hiyo, alifariki Agosti 1930. Lugosi aliipigania nafasi hiyo na kukubali dola 500 kwa wiki, kwa wiki saba.

Filamu hiyo, iliyoelekezwa na Tod Browning, ilitoka Februari 1931. Mtazamaji wa leo atashangaa kwamba haina damu ya kutisha wala meno ya chonge hayaonekani. Kuna kasri lenye utando wa buibui, popo, ngazi ndefu, na mwanga mwembamba uliomulikwa machoni pa Lugosi. Muziki karibu haupo, hivyo kimya kinatanda na sauti yake inabaki peke yake. Kwa maoni yangu, kimya hicho na lafudhi hiyo ndiyo filamu yenyewe. Nusu yake ya pili, vyumbani London, inachosha.

Sifa zilikuja, na mlango ukafungwa. Mwaka uo huo nafasi ya zimwi katika Frankenstein, ambayo Lugosi alikuwa ametajwa kuichukua, ilimwendea Boris Karloff, Mwingereza. Karloff alipata umaarufu kwa kuigiza zimwi bubu, kisha akaweza kuwa yeyote kwa sababu Kiingereza kilikuwa chake. Lugosi akifungua kinywa, watu walimsikia Dracula. Alipopata nafasi tofauti alidhihirisha kipaji: Ygor katika Son of Frankenstein (1939), mtu aliyenyongwa asife, shingo ikabaki imepinda, naona ni kazi yake bora kupita hata Dracula. Lakini nafasi za namna hiyo zilikuwa chache. Kwenye filamu alimrudia Dracula mwenyewe mara moja tu, mwaka 1948, tena katika vichekesho vya Abbott na Costello.

Maumivu ya vita nayo yalimfuata. Alitibiwa kwa mofini, akawa mtumwa wa dawa. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 72, alijipeleka mwenyewe hospitalini huko Norwalk, California, na kulitangaza hadharani tatizo ambalo watu wa filamu wakati huo walilificha. Alitoka miezi michache baadaye. Tarehe 16 Agosti 1956 aliiaga dunia, na familia yake ikamzika akiwa amevishwa joho la Dracula.

Mwaka 1966 mwanawe na mjane wake waliishtaki Universal kwa kuuza haki ya kutumia sura ya Lugosi kwenye bidhaa. Mahakama ya mwanzo iliwapa ushindi. Mwaka 1979 Mahakama Kuu Kabisa ya California iliutengua, ikashikilia kwamba haki ya mtu kunufaika na sura yake, asipoitumia mwenyewe akiwa hai, hairithiwi. Mwaka 1984 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuwapa warithi haki hiyo.