Sir David Gill, Fundi Saa Aliyetaka Kuipima Dunia

Wengi wetu tulipoanza trigonometria tuliiona kuwa hesabu ya kukariri tu. Siku moja mwalimu alitutoa nje tukiwa na kipimapembe, uzi na kijiwe. Tulirudi nyuma polepole mbele ya mkaratusi mpaka pembe ya kutazama kilele ikawa nyuzi 45. Tukapima kutoka hapo mpaka shinani, tukaongeza kimo cha macho yetu, na urefu wa mti ukapatikana bila mtu kuupanda. Ndipo nilipotamani kujua habari za mtu aliyetaka kuipima dunia yenyewe kwa pembe.

David Gill alizaliwa tarehe 12 Juni 1843 mjini Aberdeen, Uskoti. Chuoni alifundishwa na James Clerk Maxwell, mtaalamu mkubwa wa fizikia, lakini baba yake, mwuza saa, alitaka mwanawe arithi duka. Kijana akatii. Akajifunza ufundi wa saa, na mikono yake ikazoea usahihi. Lakini usiku alitazama nyota. Mwaka 1872 aliliacha duka lenye faida, akakubali mshahara mdogo ili asimamie nyumba ya kutazamia nyota ya Lord Lindsay.

Mwaka 1877 alikwenda kisiwa cha Ascension pamoja na mkewe, Isobel, kuipima sayari Mars jioni na alfajiri. Kati ya nyakati hizo dunia huzunguka na kumhamisha mtazamaji maelfu ya maili, na umbali huo ndio ubavu mmoja wa pembetatu. Mawingu yaliwazuia. Basi Bibi Gill akatoka usiku kutafuta mahali penye anga safi, nao wakahamia huko. Kwa vipimo hivyo Gill aliuona umbali wa jua kuwa karibu maili milioni 93.

Mwaka 1879 aliwekwa kuwa mkuu wa nyumba ya nyota ya Cape, Afrika Kusini. Huko aliwaza jambo linalotugusa sisi: kuunga pembetatu kilima kwa kilima, toka Afrika Kusini mpaka Cairo, kwa kufuata mstari wa nyuzi 30 mashariki. Ubavu mmoja hupimwa ardhini kwa uangalifu mwingi. Kisha hupimwa pembe tu, na mbavu nyingine huhesabiwa. Vipimo hivyo vikilinganishwa na nyota, umbo la dunia hujulikana. Mstari huo hupita kilomita chache tu magharibi ya Kimihurura, upande wa Mlima Kigali!

Kazi ilikuwa ndefu. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909, na ya Tanganyika katika miaka ya 1930. Tusiwasahau wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya wapimaji. Gill mwenyewe hakuuona mwisho wake, maana alifariki London tarehe 24 Januari 1914. Pengo la mwisho, huko Sudan, lilizibwa mwaka 1954, miaka 40 baada ya kifo chake.

Ndugu wanafunzi, mtu huyu alianza kazi ambayo wengine walikuja kuimaliza, nayo ilimalizika kwa kuwa kila pembe ilipimwa vema. Nasi tusidharau uzi na kijiwe chetu.