Koitalel arap Samoei: Maisha Yaliyoandikwa na Muuaji

Kutoka Migosi, mjini Kisumu, milima ya Nandi huonekana ikiinuka juu ya uwanda wa Kano. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, ilipita katika nchi ya Wanandi, na huko ilikumbana na Koitalel arap Samoei.

Alizaliwa yapata mwaka 1860. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho na mwaguzi, aliyeuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890 wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Ugomvi wa urithi ukazuka. Kipchomber arap Koilegei, nduguye, akahamia kwa Wakipsigis na Koitalel akashika wadhifa.

Yafaa ieleweke kwamba orkoiyot hakuwa mfalme wala jemadari. Vijana wa vita walipangwa kwa marika na kwa vikosi vya kila eneo vilivyoitwa pororiet, visivyo na mshahara wala kambi. Koitalel ndiye aliyeidhinisha vita, na kwa idhini yake vikosi vilivyotawanyika vikawa jeshi moja. Tangu 1895 Waingereza walituma misafara mitano ya kijeshi dhidi yao. Nyaya za simu zilikatwa zikawa mapambo, vyuma vya reli vikafuliwa silaha.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Aliuawa papo hapo pamoja na wafuasi wake. Meinertzhagen alidai kwamba alivamiwa kwa hila. Wanandi husimulia kwamba Koitalel alipigwa risasi aliponyoosha mkono wa salamu. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea kapteni lawama, ingawa aliondolewa Afrika Mashariki mwaka 1906. Kwa miaka mingi mauaji hayo yalisomwa kupitia shajara zake, ambazo watafiti wa baadaye wamezikuta na uzushi mwingi. Masimulizi ya wazee, yaliyodharauliwa kwa kukosa karatasi, hayana sababu ya kuwekwa chini yake.

Upinzani ulivunjika, na Wanandi wakaondolewa kwenye ardhi iliyopakana na reli. Barsirian arap Manyei, mwanawe Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 na kuachiliwa 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Mwaka 2006 mwana wa Meinertzhagen alizirudisha fimbo za uongozi za Koitalel. Kichwa chake, ambacho Wanandi husema kilikatwa na kupelekwa Uingereza, hakikurudi pamoja nazo.