Carlos Finlay, Daktari Aliyesubiri Miaka 20

Uliza nani aligundua kuwa homa ya manjano huenezwa na mbu, wengi watakutajia Walter Reed. Mimi nasomea ualimu, na siku nikisimama darasani nitaanza na jina jingine: Carlos Finlay.

Alizaliwa Cuba mwaka 1833, baba Mskoti, mama Mfaransa. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia kigugumizi. Alisomea udaktari Philadelphia, akahitimu 1855, akarudi Cuba. Wakati huo homa ya manjano ilikuwa ikiua watu Havana, na madaktari wengi wakilaumu hewa chafu, nguo na matandiko ya wagonjwa.

Agosti 1881, mbele ya wanasayansi wa Havana, Finlay alimtaja mbu mmoja hasa, huyu anayeitwa leo Aedes aegypti. Jamani, alipuuzwa karibu miaka 20! Na tuseme kweli, majaribio yake hayakuwashawishi. Leo sababu inajulikana. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa, virusi huzaliana kwanza tumboni mwake, ndipo vifike kwenye tezi za mate. Hiyo huchukua kama wiki mbili hivi. Mbu wa Finlay waling'ata watu mapema mno.

Mwaka 1900 ikaja tume ya jeshi la Marekani chini ya Reed. Finlay akawapa mayai ya mbu wake. Jesse Lazear, mmoja wa tume hiyo, aling'atwa, akafa Septemba. Baadaye wakasubiri siku za kutosha kabla ya kumwachia mbu ang'ate, na Finlay akaonekana alikuwa sahihi. Mwaka 1901 mazalia ya mbu yakaondolewa Havana, na homa ikaisha mjini. Finlay alifariki 1915. Alipendekezwa Nobel mara kadhaa, hakuipata.

Sisi walimu watarajiwa tuna la kujifunza hapa. Mwanafunzi anaweza kuwa na jibu sahihi huku njia yake ina pengo. Ukimkata alama zote na kumcheka, pengo halizibiki. Kaa naye, mtafute hatua iliyorukwa. Kule Cuba, hatua iliyorukwa ilikuwa siku chache tu, na kuipata kulichukua miaka karibu 20 huku watu wakifa.

Na mbu huyohuyo ndiye aliyetuletea dengue Dar es Salaam 2014 na 2019. Anang'ata mchana, chandarua cha usiku hakimsumbui. Anataga kwenye maji yaliyotulia, yaani ndoo na mapipa yetu ya bwenini. Tufunike, basi.