Karl Weule na Uundaji wa Swali la Utafiti: Safari ya Kusini, 1906

Mwanafunzi wa uzamili anapoleta pendekezo la utafiti aghalabu huwa na mada, akadhani kuwa ana swali. Jando na unyago katika Nkowe ni mada. Haituambii ni jambo gani ambalo bado halijulikani, ni nani awezaye kulijua, wala ni jibu la namna gani litakalomlazimisha mtafiti kukiri kuwa alikosea. Makala haya yanaichunguza tofauti hiyo kwa kupitia maisha ya Karl Weule, Mjerumani aliyefika kusini mwa Tanzania ya leo akiwa na swali lililoundwa kwa ajili ya mahali pengine.

Weule alizaliwa mwaka 1864 karibu na mji wa Goslar. Alisoma jiografia na akaathiriwa sana na Friedrich Ratzel, mwalimu wa Leipzig aliyeshikilia kwamba uhamaji wa watu wa kale unaweza kufuatiliwa katika usambaaji wa vyombo vyao: pinde, mishale, ngao. Alifanya kazi katika makumbusho ya Berlin, kisha mwaka 1899 akahamia ya Leipzig. Kwa mtazamo huo, swali lilizaliwa kabatini. Aliyekwenda Afrika alikwenda kujaza pengo ambalo mtunza makumbusho alikwisha kuliona.

Mwaka 1906 alitumwa Afrika Mashariki na tume ya uchunguzi wa makoloni iliyoongozwa na Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Alikusudiwa kwenda Irangi, sehemu za Kondoa, mahali ambapo watu wa asili na lugha mbalimbali walikutana. Swali la uhamaji lingepata uwanja wake huko. Alipowasili Dar es Salaam alielezwa kuwa bara hilo lina machafuko, akaelekezwa Lindi badala yake. Basi swali likakosa mahali, na mahali pakakosa swali.

Mwezi Julai aliondoka Lindi akifuatana na mkuu wa wilaya, Ewerbeck, pamoja na askari. Walipanda bonde la Lukuledi kwa njia ya Nyangao hadi Masasi. Baadaye Weule alikaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda uwanda wa Wamakonde hadi Newala na Mahuta. Hakupita Nkowe, iliyo kaskazini ya bonde hilo, lakini nchi aliyoivuka njiani ilikuwa ya Wamwera, na hao ndio wenyeji wa Nkowe pia.

Kazi yake ya uwandani inafundisha zaidi pale ilipokwama. Aliwakusanya wazee barazani akawauliza juu ya asili, ndoa, na maana ya chale na ndonya. Maswali yalipita kwa wakalimani, akiwamo Mnorwei Nils Knudsen aliyejua Kiyao. Wazee walichoka upesi, naye akaona kuwa kasoro ni ya akili zao. Sisi tunaona kasoro katika swali. Mtu anayeulizwa kwa nini babu zake walichanja chale anaombwa atoe nadharia juu ya jambo ambalo yeye analijua kama tendo. Hana cha kujibu ila kwamba ndiyo mila, na jibu hilo ni sahihi kabisa.

Alipouliza namna jambo linavyofanyika, mambo yalibadilika. Moto unapekechwaje? Chungu kinafinyangwaje? Wasichana wanachezwa unyago kwa hatua zipi? Hapo mjuzi alikuwa yule atendaye, na kosa la mwandishi lingeweza kuonekana papo hapo. Alipiga picha, akanasa nyimbo kwa fonografu na ngoma kwa kamera ya sinema, vyombo ambavyo watafiti wachache walikuwa navyo wakati huo. Zaidi ya hayo aliwapa watu karatasi na penseli wachore wapendavyo. Mimi naliona hilo kuwa tendo lake bora kuliko yote, kwa sababu kwa mara moja aliacha kuchagua yeye kipi kiwe muhimu.

Liko swali ambalo hakuliuliza. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi. Mwaka huohuo misheni ya Nyangao ilichomwa, na Wamwera wengi waliingia vitani. Jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kuteketeza vijiji na chakula, na njaa ikafuata. Katika kitabu cha Weule uasi huo haukosekani, ila umo kama mandhari na kama kizuizi cha safari. Haukufanywa tatizo la kuchunguzwa. Wala si hakika kuwa angepata jibu. Nani angemweleza kisa cha vita mgeni anayelindwa na askari wa serikali iliyomchomea ghala? Uhusiano wa muulizaji na muulizwaji ni sehemu ya swali lenyewe, hata usipoandikwa katika pendekezo.

Swali hilo liliulizwa mwaka 1968, katika mradi wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo wanafunzi walikusanya simulizi za wazee. Walioulizwa safari hii walikuwa watu wa kumbukumbu, na waulizaji walikuwa kama wajukuu wao.

Mtafiti aendaye Nkowe leo, katika Wilaya ya Ruangwa iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, bado anaweza kukosea kwa njia ya Weule. Akiuliza vita viliathirije jamii, atajibiwa kuwa viliiathiri. Na aulize hivi: familia zilizorudi kulima baada ya njaa zilidai mashamba kwa haki ya nani, na kwa ushahidi gani? Wamwera hufuata ukoo wa mama. Ikiwa simulizi za mashamba zitaonyesha madai mengi kupitia baba, dhana aliyokwenda nayo itavunjika mikononi mwake, naye atakuwa amejifunza jambo.

Weule alirudi Leipzig, akachapisha simulizi ya safari yake mwaka 1908. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1909 ni ya Alice Werner, anayejulikana vyema na wanafunzi wa Kiswahili. Aliongoza makumbusho, na mwaka 1920 akapewa kiti cha kwanza cha uprofesa kamili wa ethnolojia nchini Ujerumani. Alifariki mwaka 1926. Nadharia ya vyombo na uhamaji imebaki kwa wanahistoria wa taaluma. Michoro ya penseli imo kitabuni, mingine pamoja na majina ya waliochora, akiwamo Pesa Mbili, mmoja wa wapagazi wake wa Kinyamwezi.