Earle Seaton, wakili wa Moshi aliyewasemea Wameru New York

Leo mkazi wa Soweto, Moshi, akiporwa kiwanja na hana hela ya wakili, anaweza kuomba msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mwaka 1951 mlango huo haukuwepo.

Novemba mwaka huo serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru takribani 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto.

Wameru wakamfuata Earle Seaton, wakili kijana mweusi aliyezaliwa Bermuda mwaka 1924 na kufungua kazi yake Moshi. Seaton alijua kitu kimoja kikubwa: Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, hivyo hata mkulima aliyefukuzwa shambani angeweza kupeleka malalamiko huko.

Safari haikuwa bure, watu walichanga. Mwaka 1952 Seaton aliwasemea mbele ya Baraza la Udhamini, kisha Kirilo Japhet, Mmeru mwenyewe, naye akasikilizwa New York. Kwenye Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili. Walishindwa, ila si kimyakimya: Kirilo alirudi akazunguka nchini akisimulia kesi, na hiyo ilikuwa kabla hata TANU haijazaliwa.

Seaton baadaye alikuwa jaji Tanzania na Bermuda, kisha Jaji Mkuu wa Shelisheli. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo. Alifariki mwaka 1992.