Robert Wangila, Bingwa wa Seoul

Kila wanapotajwa mashujaa wa michezo wa Kenya, ndimi zetu hukimbilia kwa wanariadha. Si ajabu, kwani hao ndio wengi. Lakini leo, wasomaji wapenzi, nataka nimtaje hayati Robert Wangila Napunyi. Yeye ni mwanandondi, na mpaka hivi sasa ndiye Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi zake.

Wangila alizaliwa tarehe 3 Septemba 1967, naye alikuwa kijana wa Nairobi. Na nani asiyejua ngumi za Nairobi zimelelewa wapi? Ni katika mitaa ya mashariki ya jiji: Muthurwa penye nyumba za wafanyakazi wa reli, Kaloleni, Pumwani, Shauri Moyo, Jericho. Sisi watu wa pwani tuliofika Nairobi kutafuta riziki tuliikuta mitaa hiyo ina misikiti yake, viwanja vyake vya kandanda na kumbi zake, na ndani ya kumbi vijana wakitoka jasho mbele ya mfuko wa mchanga.

Kabla yake, Philip Waruinge alikwisha kuufikia mlango. Alileta shaba kutoka Mexico mwaka 1968, na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Aliyeufungua mlango ni Wangila.

Seoul, mwaka 1988, alipigana katika uzani wa welta, yaani kilo 67. Katika nusu fainali mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakupanda ulingoni. Mwanzoni mwa Oktoba akakutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa katika fainali. Huyu Mfaransa hakuwa mtu wa kubezwa, kwani baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Lakini siku ile hakufika mbali: raundi ya pili Wangila alimwangusha, na kazi ikaisha. Kenya ilirudi na dhahabu tano, nne za mbio na moja ya ngumi. Chris Sande naye akaleta shaba ya ndondi.

Baada ya hapo Wangila alikwenda Marekani kupigania fedha. Ngumi za kulipwa si sawa na za ridhaa. Raundi ni nyingi, na mtu hupigwa mpaka mwili uchoke kabla moyo haujakubali.

Usiku wa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez alilisimamisha pambano. Wangila hakuridhika, aliona bado anaweza. Muda mfupi baadaye, chumbani kwa wachezaji, alianguka akazimia, na tarehe 24 Julai akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Mimi nasema mwamuzi yule alifanya haki. Kama kuna lawama, ni kwamba huruma ilichelewa. Kijana anayefunzwa ukumbini afunzwe pia kwamba kusimamishwa si aibu.

Msiba haukuishia hapo. Mwili uliporudi nyumbani palizuka mzozo. Upande mmoja ulishikilia kwamba marehemu alikuwa amesilimu, kwa hiyo azikwe Kiislamu. Upande wa pili ulitaka azikwe kwa desturi ya Kikristo. Mazishi yakakawia, nasi tunajua maiti hastahili kukawizwa.

Katika maisha haya yote mafupi, hapo ndipo naona funzo kubwa kwetu. Mtu akiingia katika dini, awajulishe wazee wake na mkewe akiwa hai, na aandike wasia wake. Bingwa aliyemaliza fainali kwa raundi mbili alishindaniwa na watu aliowapenda, naye hana tena kauli.