Mkono Uliopamba, Mkono Ulioua

Keti nikusimulie maisha ya Benvenuto Cellini, sonara wa Italia. Mkono wake ulipamba majambia, na mkono huo huo ukaua kwa jambia.

Cellini alizaliwa Florence mwaka wa 1500. Baba yake, mpiga muziki, alitaka kwa vyovyote mwanawe apige filimbi. Kijana hakutaka kabisa! Alipofika miaka 15 akaingia kwa sonara kujifunza kazi.

Akiwa Roma alipata majambia ya Kituruki. Chuma chake kilichongwa majani na maua, kisha michoro ikajazwa dhahabu. Basi naye akajaribu. Alichimba chuma kwa kina na upana zaidi, ili dhahabu ishike vizuri. Tena hakuiga majani ya Waturuki tu, alichonga na ya kwao Italia. Mwenyewe aliandika kitabuni mwake kuwa aliwashinda Waturuki. Kumbe kujisifu hakukuanza leo!

Lakini wahenga walisema hasira ni hasara. Mwaka wa 1529 ndugu yake alipigwa risasi akafa. Cellini alimvizia yule askari usiku akamdunga jambia. Mwaka wa 1534 akamuua sonara mwenzake, Pompeo, barabarani. Papa mpya, Paulo wa Tatu, alimsamehe kwa ajili ya ufundi wake. Hapo mimi nakataa. Je, watu wa Pompeo walilipwa nini?

Mwaka wa 1538 alitiwa gerezani akishtakiwa kuiba vito vya Papa. Alitoroka kwa kuteremka ukutani na mashuka, akaanguka, akavunjika mguu. Akashikwa tena!

Baadaye alirudi Florence kutengeneza sanamu ya shaba nyeusi ya Perseus, shujaa mwenye upanga mkononi. Siku ya kumimina, shaba ikaganda tanuruni naye yu mgonjwa wa homa. Aliruka kitandani, akatupa motoni sahani na vyombo vyake vya bati, kama 200, shaba ikayeyuka. Sanamu ilionyeshwa watu mwaka wa 1554, na hadi leo imesimama pale pale mjini. Cellini alikufa mwaka wa 1571.

Nimemchagua kwa sababu mimi pia ni mwepesi wa hasira, walionipakana nao dawati wanajua. Cellini alivumilia chuma kigumu siku nyingi, lakini binadamu mwenzake hakumvumilia hata dakika moja. Ufundi wake nautaka. Hasira yake, hapana.